Anguilla kutoka St. Martin: Dakika 25 za bahari, fedha za aina nne

Na Mwandishi Wetu

MSAFIRI anayesimama katika gati la Marigot, kisiwani St. Martin, anaiona Anguilla kwa macho yake bila darubini. Ni mstari mwembamba wa ardhi upande wa kaskazini, tambarare, usio na mlima hata mmoja. Boti huchukua dakika 20 hadi 25 tu kufika.

Ukaribu huo ndio unaowaponza wengi. Mtu akishaona kisiwa kiko pale, huacha kupiga hesabu. Jioni humkuta upande wa pili boti ya mwisho imeshang'oa nanga, naye hulazimika kulipa chumba ambacho hakukiwekea bajeti, au kukodi boti kwa bei atakayotajiwa na mwenye boti. Aliyebana matumizi mchana kutwa hupoteza akiba yote kwa nusu saa ya kuchelewa.

Wiki hii ukurasa huu unaitazama safari hiyo kama tunavyoitazama bidhaa yoyote iliyoko sokoni: inauzwa na nani, kwa fedha ipi, bei yake inapanda lini, na hasara huingilia wapi. Aidha, tutaona kwa nini mkondo huo mwembamba wa bahari umekuwa suala la uhai wa uchumi wa Anguilla, na mwekezaji mdogo anaweza kujifunza nini.

VISIWA VIWILI, BENDERA TATU

Kisiwa cha St. Martin kina ukubwa wa kilomita za mraba 87 hivi, lakini kimegawanywa kati ya tawala mbili tangu mkataba wa mwaka 1648. Kaskazini ni Saint-Martin, eneo la Ufaransa, ambalo mji wake mkuu ni Marigot. Kusini ni Sint Maarten, nchi yenye mamlaka yake ya ndani katika Ufalme wa Uholanzi tangu Oktoba 10, 2010, na mji wake mkuu ni Philipsburg. Hakuna kizuizi barabarani kati ya pande hizo mbili. Abiria wa teksi hutambua kwamba amevuka mpaka pale anapoona vibao vimebadilika lugha.

Anguilla ni eneo la ng'ambo la Uingereza. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 91 hivi, urefu wake ni kama kilomita 26, na wakazi wake ni elfu kumi na tano na ushee. Makao yake makuu ni The Valley.

Kwa hiyo, licha ya ufupi wake, safari ya kutoka Marigot hadi gati la Blowing Point, Anguilla, ni safari ya kimataifa. Kuna pasipoti, kuna maofisa wa uhamiaji na wa forodha, na kuna kodi ya kuondokea pande zote mbili.

Kwa msomaji mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda, suala la viza lisiachwe hadi siku ya mwisho, kwa kuwa atakutana na mamlaka tatu tofauti. Saint-Martin ni ya Ufaransa, lakini haimo katika eneo la Schengen. Viza ya Sint Maarten hutolewa kwa taratibu za Ufalme wa Uholanzi zinazohusu Karibiani, si zile za Ulaya. Anguilla nayo ina taratibu zake, tofauti na za Uingereza yenyewe. Zaidi ya hapo, anayevuka kwenda Anguilla na kurudi anaingia St. Martin mara ya pili. Ruhusa ya kuingia mara moja tu inaweza kumwacha amekwama kwenye kisiwa kidogo, huku tiketi yake ya ndege ikiwa kwenye kisiwa kingine.

FEDHA NNE KATIKA SIKU MOJA

Hapa ndipo mfanyabiashara anapopaswa kufungua macho. Katika siku moja msafiri anaweza kukutana na bei zilizoandikwa kwa fedha nne:

Dola ya Marekani: hupokelewa pande zote tatu.
Euro: fedha halali ya Saint-Martin. Thamani yake hupanda na kushuka.
Gilda ya Karibiani: fedha ya Sint Maarten. Gilda 1.79 kwa dola moja ya Marekani.
Dola ya Karibiani Mashariki: fedha ya Anguilla. Dola 2.70 kwa dola moja ya Marekani.

Msomaji aliyezoea kuamka asubuhi na kuuliza shilingi imefikia ngapi atashangazwa na dola ya Karibiani Mashariki. Kiwango hicho cha 2.70 hakijabadilika tangu Julai 1976. Fedha hiyo husimamiwa na Benki Kuu ya Karibiani Mashariki, yenye makao yake Basseterre, St. Kitts, ambayo inahudumia nchi na maeneo manane, Anguilla ikiwa mojawapo. Benki hiyo ilianzishwa mwaka 1983.

Gilda ya Karibiani ni ngeni zaidi. Ilianza kutumika Machi 31, 2025 katika Sint Maarten na Curaçao, ikachukua nafasi ya gilda ya zamani ya Antili za Uholanzi kwa thamani ileile, moja kwa moja. Tangu Julai 2025 noti za zamani si fedha halali tena madukani. Msafiri akirudishiwa chenji ya noti hizo, azikatae palepale.

Pale ambapo kiwango kimefungwa, hasara haitokani na soko bali na jinsi muuzaji anavyokadiria. Tuchukue mfano. Chakula cha mchana kimeandikwa dola 135 za Karibiani Mashariki. Kwa kiwango cha 2.70, hiyo ni dola 50 za Marekani. Mwenye mgahawa akisema kwamba yeye anahesabu 2.50 ili kurahisisha, bei inakuwa dola 54. Mteja amelipa asilimia 8 zaidi bila kula tonge la ziada. Siku nzima ikienda hivyo, msafiri anakuwa amelipa kodi ambayo serikali haikuitangaza.

Kwa upande wa Saint-Martin mambo huweza kuwa kinyume. Baadhi ya migahawa na maduka ya upande huo yana desturi ya kumhesabia mteja anayelipa taslimu dola moja kwa euro moja. Wakati euro iko juu ya dola, hiyo ni nafuu ya wazi kwa mwenye dola. Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza muuzaji wa Marigot, kabla hata ya kuuliza bei, ni hili: leo mnahesabu dola kwa ngapi?

Ushauri wa ukurasa huu ni kubeba dola za Marekani za noti ndogondogo. Anayelipa kwa noti ya 100 hurudishiwa chenji ya fedha ya kienyeji, na fedha hizo hazipokelewi kwa urahisi kwenye maduka ya kubadilishia fedha ya Dar es Salaam au Nairobi. Chenji isiyobadilishika ni sehemu ya gharama ya safari, iandikwe isiandikwe.

NJIA MBILI ZA KUVUKA

Wageni wengi hutua katika uwanja wa ndege wa Princess Juliana, ulioko upande wa Sint Maarten. Kuanzia hapo kuna njia mbili za majini.

Ya kwanza ni kuchukua teksi hadi Marigot na kupanda boti ya umma. Safari ya teksi huchukua dakika 20 hadi 30 endapo hakuna foleni. Foleni ya kisiwa hicho, hata hivyo, ina chanzo chake. Mji wa Marigot na eneo la uwanja wa ndege vinapakana na wangwa mkubwa wa Simpson Bay, na madaraja yanayopita kwenye milango ya wangwa huo huinuliwa kwa saa maalumu ili mashua za kifahari zipite. Daraja likiinuliwa, magari husimama. Daraja jipya la kukatiza wangwa lililofunguliwa mwaka 2013 limepunguza adha hiyo, lakini halikuimaliza, hasa jioni na katika msimu wa watalii wengi.

Njia ya pili ni boti za pamoja na za kukodi zinazoondoka Simpson Bay, karibu kabisa na uwanja wa ndege, kwenda Blowing Point moja kwa moja. Boti hizo hutaka abiria aweke nafasi mapema, na nauli yake kwa kawaida ni zaidi ya mara mbili ya ile ya Marigot.

Je, ipi ni nafuu? Jibu linategemea idadi ya watu. Tuweke namba za mfano, zisichukuliwe kama bei rasmi: boti ya Marigot dola 30 kwa mtu, teksi ya kwenda huko dola 30 kwa gari zima, na boti ya Simpson Bay dola 75 kwa mtu.

Msafiri mmoja kupitia Marigot atatumia dola 60. Kupitia Simpson Bay atatumia 75. Tofauti ni dola 15 tu, na kwa dola hizo 15 ameepuka foleni. Kwa mtu mmoja mwenye haraka, Simpson Bay si ubadhirifu.

Watu wanne wakipitia Marigot watagawana teksi ileile moja. Jumla yao ni dola 150. Kupitia Simpson Bay jumla ni dola 300. Tofauti sasa ni dola 150 kwa kwenda tu, na kwenda na kurudi inakuwa 300. Familia au kikundi cha wafanyabiashara kinachokimbilia boti ya karibu na uwanja bila hesabu kinalipia starehe ya nusu saa kwa bei ya chumba cha hoteli.

Hayo ndiyo yale tunayoyasema mara kwa mara kuhusu mizigo: gharama isiyobadilika hugawanywa na wengi, na nauli ya kichwa haigawanyiki. Teksi ni gharama ya kugawana. Boti ni ya kichwa.

Katika njia zote mbili, abiria aulize kama nauli aliyotajiwa ina kodi ya kuondokea ndani yake. Mara nyingi kodi hulipwa kando, na hulipwa tena wakati wa kurudi.

SAA YA BOTI YA MWISHO

Boti za umma za Marigot hufanya kazi mchana, na huduma hufungwa jioni. Ratiba hubadilika kulingana na msimu, hali ya bahari na wingi wa abiria. Kwa hiyo ratiba ya mwaka jana ni karatasi tu. Inayohesabika ni ile iliyoulizwa gatini asubuhi ya siku ileile.

Wanaotoka Ulaya au Amerika hufika Princess Juliana mchana, hasa mchana wa alasiri. Ukitoa muda wa uhamiaji, wa kungojea mizigo na wa barabarani, anayetua saa tisa alasiri anaweza kuwahi boti ya Marigot, lakini anayetua saa kumi na nusu anacheza bahati nasibu. Kwa huyo wa pili kuna mambo mawili ya busara: aweke nafasi mapema katika boti ya Simpson Bay, au alale St. Martin na kuvuka asubuhi. Chumba kilichopangwa ni nafuu kuliko chumba cha dharura.

Wakati wa kurudi hesabu ni kali zaidi, kwa sababu ndege haimsubiri mtu. Abiria wa ndege ya mchana anapaswa kuwa gatini Blowing Point asubuhi, siyo saa sita. Boti ikiahirishwa kwa sababu ya mawimbi, abiria wa asubuhi anayo boti inayofuata, lakini aliyepanga boti moja tu hana pa kukimbilia. Kwa lugha ya biashara, saa mbili za kungoja uwanjani ni malipo ya bima, na ni bima nafuu kuliko tiketi mpya ya kuvuka Atlantiki.

UKISHAFIKA BLOWING POINT

Anguilla haina mabasi ya umma ya kutegemewa na mgeni. Kuna teksi na kuna magari ya kukodi. Nauli za teksi zimepangwa na serikali kwa kanda, kwa hiyo hakuna haja ya kupatana bei kama sokoni. Kinachotakiwa ni kutaja unakokwenda na kuthibitisha nauli kabla ya kuingia garini. Gari hukodishwa kwa leseni ya muda inayonunuliwa kisiwani. Magari hupita kushoto, kama Tanzania na Kenya, wakati St. Martin magari hupita kulia.

Kwa mgeni wa siku moja, kosa la kawaida ni kutaka kuona fukwe zote. Kisiwa kinajivunia fukwe 33, lakini kila safari ya teksi ni nauli mpya. Aliye na saa sita achague sehemu moja au mbili. Shoal Bay East, upande wa kaskazini mashariki, ni ufuko wa mchanga mweupe wenye migahawa. Sandy Ground ni kijiji cha bandari chenye bwawa la chumvi nyuma yake. Chumvi hiyo ilikuwa bidhaa ya kuuza nje kwa miaka mingi, kabla ya utalii kushika nafasi. Meads Bay na Maundays Bay, upande wa magharibi, ndiko ziliko hoteli kubwa za kifahari, na bei za huko ni za wenye fedha zao.

Bei kwa jumla ziko juu, na sababu yake inaeleweka. Ardhi ya kisiwa ni mwamba wa chokaa wenye udongo haba, mvua ni chache, na karibu kila kitu kinacholiwa au kujengewa hutoka nje. Mwenye mgahawa amelipia meli, ushuru na umeme wa jenereta kabla hajawasha jiko. Mgeni anayetaka kupunguza gharama ale kwenye vibanda vya nyama choma vya kando ya barabara, au samaki na kamba za kienyeji kwenye migahawa midogo. Akalipie mazao ya hapo, si yaliyosafiri.

MSIMU NA BEI

Msimu wa watalii wengi huanza katikati ya Desemba na kuisha katikati ya Aprili, wakati Wamarekani na Wazungu wanakimbia baridi. Bei za vyumba hufika kileleni wiki ya Krismasi na Mwaka Mpya. Mei hadi Julai bei hushuka huku bahari ikiwa bado ni nzuri. Kwa mwenye bajeti ndogo hicho ndicho kipindi bora cha kununua.

Wiki ya kwanza ya Agosti ni tofauti. Ni sikukuu ya kiangazi ya Anguilla, na Waanguilla waishio nje hurudi nyumbani. Mchezo mkuu siku hizo ni mashindano ya mashua za tanga, ambayo ndiyo mchezo wa taifa. Asili yake ni mashua zilizowabeba wanaume wa kisiwa kwenda kukata miwa Santo Domingo na kuwarudisha, zikikimbizana kufika nyumbani. Mgeni atakayefika wakati huo ataona kisiwa kikiwa na furaha yake halisi, lakini nafasi za boti na vyumba zitakuwa zimekwisha kama hakuweka mapema.

Msimu wa vimbunga ni Juni 1 hadi Novemba 30, na hatari kubwa ni Agosti hadi Oktoba. Hoteli nyingi hufunga Septemba na Oktoba. Bei ya chini ya miezi hiyo siyo zawadi. Ni fidia ya hatari, na anayeinunua ajue anachonunua.

MLANGO UNAPOFUNGWA

Sasa tuje kwenye suala linaloipa safari hii uzito. Kwa Anguilla, St. Martin siyo jirani wa kutembelewa tu. Kwa miongo mingi imekuwa mlango wa mbele wa uchumi wake.

Mwaka 1967 Uingereza iliiunganisha Anguilla katika dola moja na St. Kitts na Nevis, serikali ikiwa Basseterre, zaidi ya kilomita 100 kusini. Waanguilla walilalamika kwamba wametelekezwa bila barabara za lami, umeme wala simu. Mei 30, 1967 waliwafukuza polisi wa St. Kitts kisiwani. Julai 11 mwaka huohuo walipiga kura ya kujitenga, 1,813 wakiunga mkono na watano wakipinga. Machi 19, 1969 Uingereza ilishusha wanajeshi wa miavuli wakifuatana na polisi wa London, na hakuna aliyeuawa. Utengano rasmi na St. Kitts ulikamilika Desemba 19, 1980. Ronald Webster, kiongozi wa vuguvugu hilo, anakumbukwa kisiwani kama baba wa taifa.

Waliokataa kutegemea kisiwa kimoja walijikuta wakitegemea kingine kwa riziki. Ajira, bidhaa za dukani na baadaye watalii, vyote vilipitia St. Martin. Anguilla ilichagua utalii wa hoteli chache za bei ya juu kuanzia miaka ya 1980. Haina kasino, na meli kubwa za kitalii hutia nanga Philipsburg, si kwake. Mgeni wa Anguilla aliingia kwa ndege ndogo au kwa boti ya kutoka ng'ambo.

Septemba 6, 2017 mlango huo ulivunjwa. Kimbunga Irma, cha daraja la tano, kilipiga visiwa vyote viwili siku moja. Jengo la abiria la Blowing Point liliharibiwa. Jengo la abiria la Princess Juliana nalo liliharibiwa vibaya, na ujenzi wake ukachukua miaka. Mwekezaji wa Anguilla ambaye hoteli yake ilikuwa imekarabatiwa aligundua kwamba hoteli nzima haina thamani kama mgeni hana pa kupitia. Mwaka 2020 mipaka ilifungwa tena kwa ugonjwa wa Uviko-19, na safari za boti zikasimama. Nahodha, mbeba mizigo na dereva wa teksi wa Blowing Point, ambao kipato chao ni cha kila siku, ndio walioumia kwanza.

Kisiwa kilijifunza. Desemba 2021 shirika la American Airlines lilianza safari za moja kwa moja kutoka Miami hadi uwanja wa Anguilla, na msafiri wa Marekani akaweza kufika bila kukanyaga St. Martin. Kwa hazina ya kisiwa na kwa hoteli hiyo ni habari njema. Kwa watu wa boti ni ushindani. Kila abiria anayeshuka uwanjani The Valley ni nauli ambayo haikulipwa Blowing Point, na dereva wa teksi wa gatini hujikuta akimtazama mwenzake wa uwanja wa ndege kwa jicho jingine.

Mlango wa pili umefunguka mahali ambapo hakuna aliyetarajia. Kila nchi ina herufi zake mbili kwenye anwani za mtandao: Tanzania ina .tz, Kenya ina .ke. Anguilla ilipewa .ai mwaka 1995. Kwa Kiingereza herufi hizo ndizo kifupi cha akili mnemba. Teknolojia hiyo ilipopamba moto kuanzia mwishoni mwa 2022, makampuni ya dunia nzima yalikimbilia kusajili anwani hizo. Mwaka 2023 serikali ya Anguilla ilipata dola milioni 87 za Karibiani Mashariki, yaani dola milioni 32 za Marekani. Mwaka 2024 ilipata milioni 105.5, yaani milioni 39 za Marekani, karibu asilimia 23 ya mapato yote ya serikali. Kimbunga hakiwezi kuyabomoa mapato hayo, na hayahitaji boti.

FUNZO KWA MWEKEZAJI MDOGO

Kwanza, biashara yenye mlango mmoja wa wateja ina hatari ambayo haionekani kwenye vitabu vya hesabu katika mwaka mzuri. Anayenunua hisa au kibanda akiulizia faida tu, bila kuulizia wateja hupita wapi na mlango huo ni wa nani, amenunua nusu ya taarifa.

Pili, mapato ya ghafla yasichukuliwe kuwa ya milele. Anwani ya .ai husajiliwa kwa angalau miaka miwili, kisha huhuishwa. Fedha za Anguilla za kesho zinategemea wangapi watalipia tena, na makampuni machanga ya teknolojia hufa kwa wingi. Fedha ya namna hiyo ifaayo ni kujengea kitu kitakachobaki, kama gati, uwanja wa ndege na shule, wala si kuongezea mishahara ambayo haitapunguzika.

Tatu, kiwango cha fedha kilichofungwa humwondolea mfanyabiashara hofu moja na kumpa nyingine. Dola ya Karibiani Mashariki haiyumbi, lakini kisiwa hakiwezi kuishusha ili kuwavutia wageni wakati Santo Domingo au Cancún ni nafuu. Inabidi kishindane kwa ubora, na ubora hugharimu.

KWA KIFUPI

Kwa msomaji anayepanga safari hii, mambo ya kuzingatia ni haya:

1. Hakikisha ruhusa ya kuingia St. Martin ni ya zaidi ya mara moja, na uliza taratibu za Anguilla peke yake.
2. Beba dola za Marekani za noti ndogo. Kariri namba mbili: 2.70 na 1.79.
3. Mkiwa wengi, piteni Marigot. Ukiwa peke yako na umechelewa, Simpson Bay inalipa.
4. Uliza kama nauli ina kodi ya kuondokea.
5. Ulizia boti ya mwisho kabla ya kuulizia ufuko.
6. Siku ya ndege, vuka asubuhi.
7. Mei hadi Julai bei ni nafuu na hatari ni ndogo kuliko Septemba.

Anayefuata haya atatumia fedha alizopanga, na Anguilla itampa thamani yake. Asiyefuata atafika vilevile, maana boti haibagui, ila hesabu yake ataifunga jioni akiwa gatini.